Posho Iliyokatika: Jinsi Mamluki wa Kisaksoni Walivyogeuka Wenye Nchi

Wasaksoni hawakuitwaa Britania kwa jeshi kubwa lililoshuka pwani siku moja na kumaliza kazi. Waliingia kwa mkataba. Wakuu wa Britania, walioachwa wajilinde wenyewe baada ya Roma kuondoka, waliwaita wapiganaji kutoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, wakawapa mahali pa kukaa upande wa mashariki wa kisiwa na wakaahidi kuwalisha kila mwezi. Posho ikapungua, walinzi wakaasi, na vizazi vichache baadaye wajukuu wao ndio waliokuwa wakiitwa wafalme.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama hadithi ya usaliti: Hengist mjanja, kiongozi wa Wasaksoni, Vortigern, mtawala wa Wabritoni aliyepumbazwa na mapenzi, visu vilivyofichwa viatuni usiku wa karamu. Utamu wake siukatai. Lakini sehemu kubwa ya hayo inatoka kwenye maandishi yaliyotungwa Wales mwaka 829 au 830, karibu miaka 400 baada ya mambo yenyewe kutokea. Ukiiweka hadithi kando, kinachobaki ni suala la malipo, maghala na mikokoteni, na kwangu mimi hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu waliokodiwa kwa kazi ya muda waliishia kumiliki ardhi.

Kuajiri wageni hakukuwa upumbavu

Kwanza tuondoe dhana kwamba Wabritoni walifanya jambo la ajabu. Dola ya Kirumi ilikuwa imekodi wapiganaji kutoka nje ya mipaka yake kwa karne nyingi, na Britania yenyewe ilikuwa imewazoea. Constantine alipotangazwa kaizari mjini York mwaka 306, mmoja wa waliomuunga mkono alikuwa Crocus, mfalme wa Waalemani, watu wa Kijerumani. Mnamo mwaka 372 Kaizari Valentinian alimpeleka Britania mkuu mwingine wa Kialemani, Fraomar, akawe tribuni, yaani kamanda, wa kikosi cha watu wa kwao. Wanajeshi wa zama hizo walivaa mikanda mipana yenye bizimu za shaba zilizonakshiwa, alama ya utumishi wa dola, na mikanda hiyo imekutwa makaburini. Mwaka 1874, pale Dyke Hills karibu na Dorchester kando ya Mto Thames, lilipatikana kaburi la mwanamume aliyezikwa na vipande vya mkanda wa aina hiyo, na jirani yake kaburi la mwanamke aliyezikwa na vibanio vya nguo vya mtindo wa Kijerumani. Tutarudi Dorchester baadaye, kwa sababu mahali hapo pana maana kuliko ukubwa wake.

Utaratibu wa Kirumi ulifanya kazi kwa kuwa ulikuwa na vizuizi vyake. Cha kwanza, mlipaji alikuwa mbali na alikuwa na mifuko mingi: nafaka na sarafu zilitozwa kama kodi katika majimbo kadhaa, hivyo mavuno yakiharibika upande mmoja, upande mwingine ulifidia. Cha pili, vikosi vya kukodi vilitawanywa na kuwekwa chini ya maofisa wa dola, mara nyingi mbali sana na ndugu zao. Cha tatu, na ndicho kizito kuliko vyote, jeshi la kawaida lilikuwepo karibu, na lilikuwa kubwa kuliko kikosi chochote cha mamluki. Hata Wagothi, wapiganaji wengine wa Kijerumani, walipopewa makazi Aquitaine mwaka 418, Galia (Ufaransa ya leo) bado ilikuwa na jeshi la Kirumi la kuwatazama.

Britania ilipoteza vizuizi hivyo vyote ndani ya miaka takriban 30. Mwaka 383 jemadari Magnus Maximus alivusha askari kwenda Galia kutafuta ukaizari, akauawa mwaka 388. Mnamo mwaka 402 jemadari wa Kirumi Stilicho aliondoa wengine kwenda kuitetea Italia dhidi ya Alaric, mfalme wa Wagothi. Kisha, usiku wa mwisho wa mwaka 406 kwa hesabu iliyozoeleka, Wavandali, Waalani na Wasuebi walivuka Mto Rhine, na majeshi ya Britania yakaingiwa na hofu kwamba yamekatwa na makao makuu. Yakajichagulia makaizari watatu mfululizo: Marcus, Gratian, halafu Constantine wa Tatu. Huyu wa mwisho alivuka bahari mwaka 407 na askari wa maana waliokuwa wamesalia. Mwanahistoria Zosimus anasema kwamba mwaka 409 Wabritoni waliwafukuza maofisa wa dola, na mwaka 410 Kaizari Honorius akaiandikia miji yao ijilinde yenyewe. Wako wanaodai barua hiyo ilikuwa ya watu wa Bruttium, kusini mwa Italia. Sioni kama inabadilisha kitu, maana jeshi halikurudi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na baada ya 407 hata hiyo ya mbali haikuwepo.

Fedha ziliondoka na jeshi. Sarafu za kulipia askari zilikuwa zikitoka kwenye viwanda vya dola bara, na zilipokoma kuletwa mwanzoni mwa karne ya 5, hakuna aliyefua nyingine rasmi kisiwani. Hazina iliyochimbuliwa Hoxne, katika Suffolk, mwaka 1992 inaonyesha hali hiyo waziwazi. Ina sarafu 14,865: za dhahabu 569, za madini ya fedha 14,272, na za shaba 24. Za karibuni kabisa ni za mwaka 407 au 408. Karibu sarafu zote za madini ya fedha zimekatwa kingo kwa mkasi, kwa uangalifu, ukingo ukizunguka sura ya kaizari bila kuigusa. Watu walikuwa wakinyofoa fedha kidogokidogo kutoka kwenye sarafu ambazo hazingeongezeka tena, na huku wakiiacha ile sura iliyofanya sarafu ikubalike. Ndani ya miongo michache viwanda vikubwa vya vyombo vya udongo vya Oxfordshire na bonde la Mto Nene vikazimika, kwa sababu wanunuzi wake wakubwa, yaani askari na wenye mishahara, hawakuwepo tena.

Kwa hiyo mkuu wa Britania wa mwaka 430 aliyetaka ulinzi alikuwa na kitu kimoja tu cha kulipia: mazao ya shamba.

Kwa nini Wasaksoni, na kwa nini mashariki

Wavamizi walikuwa wengi. Waskoti walitoka Ireland, Wapikti walitoka kaskazini, na Wasaksoni wenyewe walikuwa maharamia wa siku nyingi. Ndiyo maana Warumi walijenga ngome za pwani kama Pevensey, Portchester, Richborough na Reculver. Askofu Germanus wa Auxerre alipozuru kisiwa mwaka 429, mwandishi wa maisha yake anatuambia Wapikti na Wasaksoni walikuwa wakishambulia kwa pamoja. Wakati huohuo anaonyesha matajiri waliovaa mavazi ya fahari wakijadiliana mambo ya dini mbele ya umati. Nchi ilikuwa bado na watu wenye mali na sauti. Kilichokosekana ni mikono ya kupigana.

Wapikti hawakuwa na haja ya kuuparamia ukuta wa Hadrian, ule wa Kirumi wa kuilinda kaskazini. Walipanda mashua na kushuka na pwani ya mashariki hadi nyuma ya ukuta, wakaingia mitoni. Kuwazuia kulihitaji watu wenye mashua na wanaoijua bahari ileile, na hao hawakupatikana kwingine ila ng'ambo. Nako ng'ambo kulikuwa na sababu za kuondoka. Pwani ya chini ya Ujerumani ya kaskazini ilikuwa ikiliwa na maji. Vijiji vilivyojengwa juu ya vilima vya udongo, kama Feddersen Wierde, vilihamwa katika karne hiyohiyo ya 5. Biashara na Warumi ilikuwa imekufa pia, na kijana wa huko aliyekuwa akitegemea kwenda kutumika jeshini na kurudi na mkanda na dhahabu alikuwa amefungiwa njia.

Kuhusu makubaliano yenyewe, shahidi wetu wa karibu zaidi ni mtawa Gildas, aliyeandika katika karne ya 6. Gildas alikuwa mhubiri aliyetaka kuwakemea watu wake. Hatoi tarehe, na majina anayataja kwa ubahili. Lakini anapofika kwenye mkataba, lugha yake inabadilika ghafla na kuwa ya kiofisi. Anataja baraza lililokaa pamoja na mtawala mwenye kiburi wakakubaliana kuwaita Wasaksoni. Anataja mashua tatu. Anataja mapatano rasmi, mgao wa chakula cha jeshi ulioitwa annona, na matoleo ya kila mwezi yaliyoitwa epimenia. Haya si maneno ya mahubiri. Ni maneno ya karani wa ugavi, na naamini Gildas aliyapata kwenye kumbukumbu iliyotoka kwa watu walioendesha mpango huo kwa taratibu za Kirumi walizozirithi.

Mapokeo ya baadaye yanasema walowezi wa kwanza walipewa kisiwa cha Thanet, kwenye ncha ya Kent. Ukitazama ramani ya wakati ule utaelewa mantiki yake. Thanet ilitenganishwa na bara na mkondo wa Wantsum, na vyombo vilivyotaka kuingia Thames bila kuzunguka rasi yenye mawimbi vilipita humo. Ngome ya Richborough ilikuwa mlango wa kusini wa mkondo, Reculver mlango wa kaskazini. Kikosi cha watu wenye mashua kikikaa hapo kinatawala njia ya kwenda London. Kwa mwajiri pana faida moja zaidi: maji yanawatenga walinzi na wenyeji. Ila anayeshika mlango anaweza kuufunga kutoka upande wowote.

Hesabu ya gunia

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu hesabu inasema mengi ambayo Gildas hakusema. Mashua ya Nydam, iliyotengenezwa mnamo mwaka 320 na kufukuliwa mwaka 1863 katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Denmark, ina urefu wa mita 23 na nafasi ya makasia 30. Tuseme mashua ya namna hiyo inabeba watu 40. Mashua tatu ni watu 120.

Mwanamume mwenye kazi ngumu huhitaji takriban kilo moja ya nafaka kwa siku. Kikosi cha watu 120 kinakula kilo 120 kwa siku, tani 3.6 kwa mwezi, karibu tani 44 kwa mwaka. Sasa nenda kwa mkulima. Tuchukue kaya ya watu watano yenye hekta sita, nusu zimepumzishwa, nusu zimelimwa. Hekta tatu, kwa mavuno ya wastani ya tani moja kila hekta, zinatoa tani tatu. Mbegu ya mwakani ni tani moja, maana kwa kilimo cha wakati ule theluthi ya mavuno ilirudi ardhini. Familia inakula tani moja na robo. Kinachobaki ni kilo 750, kabla ya kuhesabu panya na unyevu. Ili kuwalisha watu 120 unahitaji ziada yote ya kaya 58 au 59. Hizi ni hesabu zangu za kukadiria, unaweza kuzipunguza au kuziongeza, lakini ukubwa wa mzigo utabaki palepale: mlinzi mmoja anakula karibu nusu ya ziada ya kaya moja ya mwaka mzima, na mkulima bado hajamlipa bwana shamba, kanisa wala fundi.

Mzigo huo unaweza kubebeka. Sheria za Kirumi ziliweka kikomo cha mkokoteni mzito wa maksai kuwa ratili 1,500 za Kirumi, yaani kilo 490 hivi. Tani 3.6 ni safari nane za mkokoteni kila mwezi. Bwana mmoja mkubwa wa Kent angeweza.

Kisha wakaja wengine. Gildas anasema kikosi cha kwanza kilipofanikiwa, kundi kubwa zaidi lilifuata. Masimulizi ya Wales yanataja mashua 16 za nyongeza. Ukizikubali kwa ajili ya hesabu tu, ni watu 640 zaidi, jumla 760. Sasa ni tani 277 kwa mwaka, kaya 370, mikokoteni 47 kila mwezi kwenye barabara ambazo hakuna aliyezikarabati tangu jeshi liondoke. Na hapo hujamhesabu mwanamke wala mtoto. Walowezi hawa walikuja na familia, kama makaburi yao yanavyoonyesha, na mwanamume mmoja mwenye mke na watoto wawili anakula karibu mara tatu ya mwanamume peke yake.

Kuna ubaya mwingine ambao hauonekani kwenye jumla ya mwaka. Nafaka huvunwa Agosti. Juni na Julai ndiyo miezi ghala linapogusa sakafu, mkulima anakula mbegu na anamficha mtoza posho. Miezi hiyohiyo bahari imetulia, wavamizi wanasafiri, na walinzi wanahitajika kuliko wakati wowote. Malipo ya kila mwezi yalibuniwa kwa ajili ya dola iliyokuwa na maghala makubwa ya kuhamisha ziada ya msimu mmoja kwenda mwingine. Wakuu wa Britania walirithi kalenda ya malipo bila kurithi maghala. Mlinzi alikuwa akikosa chakula kila mwaka katika wiki zilezile alizoitwa kufia wengine.

Gildas anasema posho ilitolewa muda mrefu, na kwamba kwa muda huo iliziba mdomo wa mbwa. Halafu Wasaksoni wakalalamika kwamba matoleo ya mwezi hayatoshi, wakaapa kuvunja mapatano na kupora kisiwa kizima wasipoongezewa. Yeye anaona ni kisingizio. Masimulizi ya Wales yanawapa Wabritoni jibu lililo wazi zaidi: mmekuwa wengi, hatuwezi kuwalisha wala kuwavika, ondokeni, msaada wenu hatuuhitaji tena. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli. Mwajiri hakuwa na nafaka, na mwajiriwa alikuwa na ahadi. Kuwafuta kazi watu 760 wenye mikuki, wasio na nyumbani pa kurudi, pasipo jeshi la kuwasindikiza hadi mashuani, ni amri isiyo na mtekelezaji.

Ukitaka kuona kwamba hili halikuwa tatizo la Wabritoni peke yao, tazama Italia mwaka 476. Mamluki wa jeshi la Italia walidai theluthi ya ardhi. Orestes, aliyekuwa akitawala kwa jina la mwanawe Romulus, akakataa. Tarehe 23 Agosti wakamfanya Odoacer mfalme, na tarehe 28 Orestes akawa ameuawa. Posho inaposhindikana, askari huomba chanzo cha posho, nacho ni shamba.

Moto na ukimya

Mtawa Bede, aliyemaliza historia yake ya Waingereza mwaka 731, anaweka ujio wa Wasaksoni kwenye mwaka 449 au miaka inayofuata. Tarehe hiyo imeshikwa sana na vitabu vya shule, nami ningeishika kwa vidole viwili tu. Tarihi iliyoandikwa Galia mnamo mwaka 452, wakati walioyasikia bado wako hai, inasema Britania iliangukia mikononi mwa Wasaksoni mwaka 441. Mwandishi aliongeza chumvi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa bado ya Wabritoni, lakini lazima kuna jambo zito lililomfikia. Nako Spong Hill, katika Norfolk, makaburi ya majivu zaidi ya 2,000 yanaanza mapema katika karne ya 5. Kwa hiyo ningeuweka mwaliko katika miaka ya 420 au 430, na uasi mnamo 441.

Ukikubali mpangilio huo, barua maarufu anayoinukuu Gildas inapata mahali pake. Wabritoni walimwandikia jemadari wa Galia, aliyekuwa konsuli (cheo cha juu cha Kirumi) mara ya tatu, kwamba washenzi wanawasukuma baharini na bahari inawasukuma kwa washenzi, na kwamba wamebakiwa na vifo viwili, kuchinjwa au kuzama. Jemadari Aetius alikuwa konsuli mara ya tatu mwaka 446. Gildas anaitanguliza barua hiyo kabla ya Wasaksoni kuitwa, lakini inasomeka vizuri zaidi kama kilio cha watu ambao walinzi wao wamekwisha kuwageuka. Aetius alikuwa na Wahunni, wapiganaji wa Attila, wa kuwafikiria. Hakuja.

Gildas anachora moto uliowaka toka bahari hadi bahari, minara ikianguka, maiti zikikosa wa kuzizika. Wachimbaji wa mambo ya kale hawajaukuta moto wa namna hiyo katika miji. Walichokuta London na kwingineko ni tabaka nene la udongo mweusi juu ya magofu, dalili ya miji iliyokuwa ikihamwa polepole hata kabla ya uasi. Mamluki hawakuivunja serikali ya mijini, waliikuta imekwisha. Uasi wao ulikata kilichokuwa kimesalia, yaani uwezo wa bwana wa mashariki kukusanya nafaka kutoka kwa wakulima wake. Kuanzia hapo nafaka ya mashariki ililiwa mashariki.

Upinzani ulikuwepo. Ambrosius Aurelianus, ambaye Gildas anamsifu kama mmoja wa Warumi wa mwisho, aliwakusanya waliosalia, na mapambano yaliendelea kwa kupokezana ushindi hadi vita vya Badon, karibu na mwaka 500. Hapo Wasaksoni walizuiwa, na amani ikadumu miongo kadhaa. Wasimulizi wengi huuona ushindi huo kuwa wa Wabritoni, na kijeshi ndivyo. Lakini washindi hawakulirudisha tena bonde la chini la Thames, Kent wala Norfolk. Waliwaacha watu waliokuwa wameajiriwa kwa posho wakiwa wakulima wanaojilisha, na jeshi linalojilisha halina mwajiri.

Kutoka kikosini hadi enzini

Maisha ya miaka hiyo tunayaona vizuri Mucking, katika Essex, kwenye uwanda wa changarawe unaotazama kona ya Thames. Wachimbaji walifanya kazi hapo kuanzia 1965 hadi 1978 wakakuta zaidi ya vibanda 200 vya aina moja: shimo la mstatili, kwa kawaida urefu wa mita tatu au nne, lenye kina cha nusu mita au zaidi kidogo, nguzo moja kila ncha kushika mti wa paa. Ndani ya mashimo ya vibanda vya namna hii hukutwa vitufe vya udongo vilivyotobolewa katikati, vya kuvutia nyuzi kwenye kitanda cha mfumi. Mahali pa kuichungulia kila mashua inayoingia Thames, watu walikuwa wakifuma nguo na kulea watoto.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022, uliopima mabaki ya watu 460 wa Ulaya ya kaskazini-magharibi, 278 kati yao kutoka Uingereza, ulionyesha kwamba waliozikwa mashariki na kusini mwa Uingereza katika karne hizo walikuwa na wastani wa asilimia 76 ya asili kutoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Wanawake walihama kama wanaume. Hii inamaliza wazo kwamba mamluki wachache walioa wenyeji na basi. Mamluki walifungua mlango. Ndugu zao walipita humo kwa zaidi ya miaka 100. Lakini waliochanganya damu walikuwepo, na wengine kwa njia zisizotarajiwa: msichana mmoja aliyezikwa Updown, Kent, katika karne ya 7, alikuwa na asili ya Afrika Magharibi upande wa baba.

Wafalme walichelewa kutokea. Katika karne ya 6 makaburi machache yanaanza kutajirika kuliko mengine, na viongozi wanaanza kudai ukoo uliotoka kwa mungu Woden. Kent ilitangulia kwa sababu ilikuwa karibu na Wafaranki na biashara yao: Æthelberht alimwoa Bertha, binti wa mfalme wa Kifaranki, akampokea mmisionari Augustine kutoka Roma mwaka 597, na akaandikisha sheria kwa lugha ya watu wake. Wasaksoni wa Magharibi walijinasibisha na Cerdic, ambaye jina lake ni la Kibritoni. Hilo linanifanya niamini kwamba ukoo wao ulianza kwa muungano na bwana wa kienyeji, au kwa bwana wa kienyeji aliyeamua kuwa Msaksoni. Na makao yao ya kwanza yalikuwa bonde la juu la Thames. Askofu Birinus alipombatiza mfalme wao mwaka 635, kiti cha uaskofu kiliwekwa Dorchester, umbali wa kutembea kutoka Dyke Hills alikozikwa yule mwenye mkanda wa jeshi la Kirumi. Miaka 200 hivi inawatenganisha.

Wabritoni waliobaki chini yao hawakuangamia wote. Walishushwa thamani. Sheria za Ine, mfalme wa Wessex, yaani Wasaksoni wa Magharibi, tangu mwaka 688, zinapanga fidia ya damu: Msaksoni huru wa kawaida ni shilingi 200, Mbritoni mlipa kodi ni shilingi 120. Mbritoni mwenye ardhi kubwa alifikia 600, wakati Msaksoni mkuu alikuwa 1,200. Kila mzazi aliyemfundisha mwanawe Kisaksoni alijua alichokuwa akikinunua.

Sheria hizohizo zinaorodhesha kile ambacho ardhi ya kaya 10 ilitakiwa kumpelekea bwana wake: mapipa 10 ya asali, mikate 300, vipimo 12 vya bia ya Kiwelshi na 30 vya bia angavu, ng'ombe wakubwa wawili au kondoo 10 waliohasiwa, mabata bukini 10, kuku 20, jibini 10, kipimo kizima cha siagi, samaki watano wa samoni, ratili 20 za malisho ya wanyama na mikunga 100. Ni epimenia ileile, ila sasa hapakuwa na mkataba wa ulinzi wala baraza la kujadili kiasi. Mpokeaji ndiye aliyeandika orodha.